Hesabu ya Uhai Katika Riwaya ya The Martian

Riwaya za mtu aliyeachwa peke yake mahali pasipo na mwenyeji ni nyingi, na aghalabu hofu ya msomaji hutoka kwa mnyama mkali, njaa au upweke. Lakini Andy Weir, katika The Martian, aliyoitoa mwenyewe mwaka 2011 kabla ya mchapishaji mkubwa kuitoa upya mwaka 2014, aliitafuta hofu hiyo katika kujumlisha na kutoa. Mark Watney, mwanaanga aliye mtaalamu wa mimea na mhandisi, ameachwa katika sayari ya Mirihi na wenzake waliodhani amekwisha kufa, naye anaandika shajara ambamo kila kiazi, kila lita ya maji na kila pumzi ina hesabu yake, na msomaji anaonyeshwa hesabu hiyo bila ya kufichwa kitu.

Tazama suala la maji. Mbatata zilizoletwa kwa sikukuu ya Shukrani zaweza kuota, na udongo waweza kurutubishwa kwa kinyesi, ila maji hayatoshi. Basi anaichukua hidrazini, mafuta ya chombo cha kutulia, anaipitisha juu ya madini ya iridi ili itengane kuwa naitrojeni na hidrojeni, kisha anaichoma hidrojeni hiyo katika oksijeni. Niliikagua kemia yake kwa kalamu nikaiona sahihi: kilo 32 za hidrazini zina kilo 4 za hidrojeni, nazo zikiungua zote huzaa kilo 36 za maji. Mwandishi wa kawaida angalishangilia akapita. Weir anaufanya ufumbuzi wenyewe uzae msiba: hidrojeni isiyoungua imejaa katika makao, Watney anaondoa oksijeni hewani ili aichome kidogo kidogo, huku akivuta pumzi kwa kinyago, na mlipuko unatokea, kwa kuwa alisahau kwamba pumzi anayoitoa binadamu ingali na oksijeni kadiri ya asilimia 16. Jambo hilo sote tulifundishwa shuleni, na hata hivyo halikunijia mpaka moto ulipowaka. Hiyo ndiyo taharuki ya halali, isiyomdanganya msomaji.

Shajara, hata hivyo, ina upungufu wake, maana anayeandika lazima awe ameokoka kwanza. Weir aliufahamu upungufu huo, na kwa hiyo, makao yanapokaribia kupasuka na mbatata kuangamia, anaiacha sauti ya Watney na kutusimulia historia ya kipande kimoja cha turubai la makao hayo, tangu kiwandani hadi nyuzi zake zinapolegea, wakati Watney hana habari.

Wengi huilaumu tufani ya mwanzoni mwa riwaya, iliyosababisha Watney aachwe, na lawama ni ya haki, kwani kanieneo ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia 1 ya yetu na upepo wake hauna nguvu ya kuangusha chombo. Weir mwenyewe amelikiri hilo. Mimi naisamehe, kwa sababu inatangulia hesabu. Nisiloweza kulisamehe upesi ni chumvi za pakloreti, zenye sumu, ambazo chombo Phoenix kilizigundua katika udongo wa Mirihi mwaka 2008, na ambazo daftari la Watney halizitaji kabisa. Zaweza kuoshwa kwa maji, na maji ndiyo yaliyokuwa haba. Hapo palikuwa na sura nzima ya taabu ambayo Weir hakuiandika.