Ruhusa, Haki na Upendeleo: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Kompyuta

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba Kiswahili chaweza kubeba shughuli za ofisini. Chini ya ofisi hiyo kuna lugha ya mfumo wenyewe, na humo ndimo tafsiri zetu hujikwaa. Tuchukue mfano mmoja. Mtumiaji wa kawaida wa Linux anaendesha mashine pepe (pepe, neno la wakulima wa mpunga, tunalikubali shingo upande), kisha anataka mashine hiyo ikitumie kifaa cha USB alichokichomeka. Anakataliwa.

Kila kifaa cha USB huwakilishwa na faili ndani ya /dev/bus/usb. Mmiliki wake ni root, na tarakimu zake kwa kawaida ni 0664: mmiliki na kundi lake husoma na kuandika, wengine husoma tu. Mashine pepe haina budi kuandika, na kwa kuwa inaendeshwa kwa jina la mtumiaji yule, inazuiwa pamoja naye.

Katika tafsiri zipitazo mikononi mwa wanafunzi, mtu huyu tumemkuta akiitwa “mtumiaji asiye na upendeleo”. Kwa Kiswahili, asiye na upendeleo ni mwadilifu, anayefaa kuwa hakimu! “Mtumiaji wa kawaida” yatosha kabisa.

Gumu zaidi ni neno ruhusa. Hapa Bukavu maelezo husomwa kwa Kifaransa; mwanafunzi hukuta “droits d'accès”, naye husema haki. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi, wanaofasiri kutoka Kiingereza, husema ruhusa. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, wala hayalingani. Rukhsa katika fikihi ni wepesi unaotolewa kwa ajili ya hali fulani, kama msafiri kufungua saumu. Hali ikiisha, nao huisha. Haki humfuata mwenyewe.

Mfumo nao una njia zote mbili. Alama ya uaccess katika kanuni za udev humfungulia kifaa aliyeketi mbele ya kompyuta, na humfungia anapotoka. Hiyo ndiyo ruhusa hasa. Kundi la vboxusers la VirtualBox ni jambo jingine: aliyeingizwa humo hubaki mwanachama, hata akiingia kutoka mbali. Mwanafunzi mmoja aliyeambiwa “umekwisha kupewa ruhusa” alijaribu papo hapo, akakataliwa, akaona heri aendeshe mashine nzima kwa jina la root, yaani avunje ukuta badala ya kufungua mlango. Hakuna aliyemweleza kwamba uanachama wa kundi husomwa mtu anapoingia upya kwenye mfumo.

Hatudai ruhusa ifutwe. Twaomba wafasiri waiweke kwa kile kinachotolewa na kuondolewa, na penye kundi waseme uanachama.