Majuu hayaandiki

Vijana waandishi wa Mukuru kwa Njenga huniambia: “Mwalimu, nikifika majuu ndio nitaandika.” Nawaelewa. Kwenye chumba cha mabati, stima ikipotea na jirani akiongeza redio, riwaya haisongi.

Ila mtazameni Abdilatif Abdalla. Diwani yake, Sauti ya Dhiki (1973), aliitunga gerezani kwenye karatasi za msalani, alipofungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wa Kenya: Twendapi? Ughaibuni ulikuja baadaye: Dar es Salaam, BBC London, kisha Chuo Kikuu cha Leipzig, alikofundisha Kiswahili tangu 1995 hadi 2011. Ngũgĩ wa Thiong’o naye, akiwa Marekani, alianzisha jarida la Mũtiiri mwaka 1994, kwa Kikuyu.

Wahakiki tumezoea kuusifu ughaibuni kana kwamba ndio uliowatunga. Sikubali. Hawa walisukumwa na siasa, na ugenini walilazimika kujijengea upya kile walichonyimwa nyumbani: lugha yao na watu wa kuisoma.

Baraza hilo halihitaji viza. Watu wanne, mswada mmoja, kila Jumamosi, hapo hapo Mukuru. Anzeni.