Kukariri Maneno katika Zaburi ya 136

Twasikia wengine wakinung'unika kwamba Zaburi ya 136 yachosha, maana ina mistari 26, na kila mmoja wamalizika kwa maneno yale yale. Hata wako wasomao mwanzo wa mstari tu, wakaacha kiitikio. Sisi twaona wamekosa. Mwanzo wa mistari hausimami mahali pamoja: watoka kwenye kuumbwa kwa mbingu, wapita Misri na jangwani, hata wafika kwenye chakula cha wote wenye mwili. Neno jipya ni la msomaji. Neno lirudilo ni la mkutano. Bibi kizee asiyejua kusoma hulishika upesi, akaitikia pamoja na wenye vitabu. Ukiliondoa, umemnyang'anya zamu yake. Lakini mhubiri arudiaye neno kwa kuwa hana jingine, huyo atuchosha kweli, wala Zaburi hii haimtetei.