Riwaya na Filamu: Hoja Kutoka Mabatini

Wapenzi wa riwaya katika mtaa wa Mabatini, Mwanza, wanapoijadili "Vuta N'kuvute", hugawanyika. Wamoja hudai kwamba filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imeipunguza riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999; wengine hudai imeihuisha. Sisi tunaona kwamba pande zote hupima kwa wingi wa matukio, na kipimo hicho ni kibovu. Filamu moja haiwezi kubeba mikasa yote ya Yasmin tangu amkimbie Raza, mume mzee aliyechaguliwa na wazazi. La kuuliza ni kilichopatikana badala ya kilichoachwa. Taarabu ya Unguja, ambayo kitabu hutusimulia tu, filamu hutusikizisha. Lakini kitabuni twaingia moyoni mwa Yasmin. Kwenye filamu twauona uso wake, na uso, hata wa mwigizaji hodari, una siri zake.

Yafaa hoja hii tuilete nyumbani. "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilichapishwa mwaka 1971. Zakaria anavyompiga bintiye kwa sababu ya barua ya Charles ni jambo jepesi kupigwa picha. Je, ile kesi ya mwishoni mbele ya Mungu, baba na binti wakikabiliana, itaonyeshwaje bila kugeuka kichekesho? Mwalimu awape wanafunzi sehemu hiyo waiandike upya kwa ajili ya filamu, ndipo wabishane.