Hongera, Fundi Bodi wa Songea

Lori linalopakia mahindi Songea na kupandisha Njombe hadi Makambako linamtegemea dereva, na linamtegemea pia fundi aliyelifunga bodi. Huyu wa pili hatajwi sana, nami nataka kumpa pongezi zake.

Mtazame anavyochagua koleo la ribiti. Kwa ribiti ya alumini ya milimita 3.2 au 4, koleo dogo la mkono mmoja linamtosha. Akifika 4.8 ya chuma, kiganja kinaumia. Kwa 6.4 hajaribu hata kidogo: anachukua lile la mikono miwili mirefu, maana urefu wa mikono ndio nguvu yenyewe. Kabla ya kuanza anakagua taya, kwa kuwa zikichakaa msumari wa ribiti unateleza, na anafunga pua inayolingana na ribiti. Tundu la ribiti hiyo ya 6.4 analitoboa 6.5, si zaidi. Likizidi, ribiti italegea kwa mitikisiko ya barabara. Anakandamiza mabati yashikane, anabana, anabana tena, msumari unakatika ta! Kichwa kimelala bapa.

Wapo mafundi waliosomea kazi hii kwenye vyuo vya ufundi vya VETA. Peramiho nako, kwenye misheni ya Wabenedikto iliyoanza 1898, karakana zimefundisha vizazi. Wengi wamejifunzia gereji, wakimshikia bati mkubwa wao.

Na ribiti kuukuu fundi wetu haing'oi kwa patasi. Anakitoboa kichwa chake polepole kwa drili, bati lisichanike, ndipo aweke mpya. Kwa subira hiyo peke yake, hongera zake.