Mzigo Usiotulia

Karakana za useremala za Keko, Dar es Salaam, zina vumbi jingi la mbao na nafasi finyu. Kompresa ndogo ikikaa chini hulimeza vumbi hilo na kuwakwaza watu. Ndiyo maana hupandishwa ukutani, na fundi anayeipandisha ipasavyo anastahili kutazamwa kwa makini.

Yeye huanza kwa kuujua mzigo. Kompresa ya lita 24 ina kama kilo 25, uzito ambao rafu imara ingeubeba bila shida. Lakini mzigo wa rafu hutulia, huu hautulii. Mota inayosukuma pistoni moja kwa moja, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, yaani pistoni hupanda na kushuka zaidi ya mara 47 kila sekunde. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko wa ubavu huweza kuifanya nati ifunguke yenyewe, hata ikiwa ilikazwa vizuri. Fundi wetu huenda hajalisikia jina hilo, ila nati mbili anazozibana pamoja zinajibu tatizo lilelile.

Kabla ya kushika drili, anaugonga ukuta kwa nyundo na kuusikiliza: wapi pana uwazi, wapi matofali yameungana. Kwenye zege, bolti ya kutanuka hushika vizuri. Kwenye tofali dhaifu, kule kutanuka ndiko kunakolipasua. Hapo anatoboa hadi upande wa pili, anapitisha bolti ndefu na kuweka bamba la chuma nyuma, tofali libanwe badala ya kusukumwa kutoka ndani. Kwenye zege, kila tundu analipuliza kwa pampu ya baiskeli hadi liwe safi, maana bolti iliyozungukwa na vumbi haiushiki ukuta.

Fremu ya engo ya chuma laini anaifanya ndefu kwenda chini. Uzito wa kilo 25 ukiwa sentimita 20 kutoka ukutani, fremu ya kimo cha sentimita 40 huzivuta bolti za juu kwa nguvu ya kama kilo 12 na nusu. Ikifupishwa hadi sentimita 20, mvuto huo unakuwa maradufu. Chuma kidogo cha ziada kinaupunguzia ukuta kazi kwa miaka yote.

Chini ya miguu ya kompresa anaweka vipande vya mpira, na havibani hadi viwe vigumu kama jiwe, kwa kuwa mpira uliokandamizwa mno haumezi tena mtikisiko. Pimamaji linahakikisha oili inabaki sawa ndani ya mashine. Tangi lenyewe halitobolewi wala halichomelewi, kwani linabeba presha ya bar 8.

Halafu anajaribu kuifikia valvu ya kutolea maji kwa mkono wake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ikibanwa, maji hujikusanya chini ya tangi na kuliozesha kwa kutu kutoka ndani. Valvu isiyofikika haitafunguliwa, kwa hiyo yuko tayari kuishusha fremu nzima kwa ajili yake. Baada ya siku chache za kazi anarudi na spana kuzipima nati. Mwanafunzi wa ufundi afundishwe safari hiyo ya pili sawa na kutoboa na kuchomelea, kwa sababu kompresa huanza kuujaribu ukuta siku ile inapowashwa.