Ukwapi na Utao wa Nyumba ya Haworth

Uso wa nyumba ya kasisi ya Haworth, kijiji cha mlimani huko Yorkshire, Uingereza, unasomeka kama shairi la mishororo miwili. Mshororo wa juu una madirisha matano. Wa chini una mawili, mlango, kisha mawili mengine. Mlango ndio kituo kati ya ukwapi na utao, na fundi ameupa heshima yake: nguzo bapa huku na huku, na juu yake pembetatu ya jiwe. Dirisha la kushoto lina kina chake kulia. Hakuna mzani uliozidi.

Nyumba ilijengwa 1778 hadi 1779, kwa jiwe la mchanga la kulekule, kwa mtindo wa zama za wafalme wanne walioitwa George, waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830. Mtindo huo ulipenda ulingano kuliko mapambo. Kwa kasisi wa kijiji cha wafuma sufu, ulingano ulitosha kutangaza cheo: humu anaishi mtu aliyesoma.

Kasisi Patrick Brontë alihamia humo 1820 na mkewe Maria na watoto sita. Mwaka uliofuata Maria alifariki. 1825 walifuata mabinti wawili wakubwa. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya umbo hili. Madirisha yale yaliyopangwa kwa utulivu yanatazama kanisa na makaburi. Miti iliyopo sasa ilipandwa baada ya zama zao. Wao waliona mawe matupu. Mkaguzi wa afya Benjamin Babbage aliandika 1850 kwamba wastani wa umri wa kufa kijijini ulikuwa miaka 25.8. Utulivu wa ukuta, basi, si wa raha. Ni wa mtu aliyekaza uso msibani.

Tena nyumba haikuwa yao. Ilifungamana na kazi: siku kasisi atakapokufa, mabinti wangefungasha. Jiwe linasema milele, mkataba unasema kwa sasa.

Ingia ndani uone shairi linavyokiuka vina vyake. Kulia chumba cha kusomea cha baba, kushoto chumba cha kulia chakula. Nje vinalingana, ndani havikulingana kwa kazi, kwani katika kile cha kushoto ndimo mabinti waliobaki, Charlotte, Emily na Anne, walimoandika riwaya zao. Meza yao bado ipo, ina madoa ya wino na herufi E ndogo iliyochongwa juu yake. Nacho kile kitovu cha uso, dirisha la katikati juu ya mlango, ambalo macho yote huliendea? Nyuma yake hamna sebule ya fahari. Mna kijichumba chembamba kuliko vyote, walimochezea watoto na kutunga falme zao za kubuni. Fundi aliweka udogo mahali pa ukuu, na kwangu hilo ndilo jambo zuri kupita yote katika ramani hii.

Mwaka 1850 Charlotte, akiwa amekwisha kupata fedha kwa kalamu, alisogeza ukuta. Chumba cha kulia kikapanuka, ujia ukabanwa, na kile kijichumba cha juu kikazidi kuwa chembamba. Akatundika na mapazia, ambayo baba yake alikuwa ameyakataa kwa hofu ya moto. Kwa nje hukuweza kujua. Kasisi aliyefuata, John Wade, hakuwa na subira hiyo: 1878 aliongeza ubavu mzima upande wa kulia, kichwa cha paa lake kikitazama mbele. Mshororo uliopimwa ukabebeshwa maneno ya ziada. Nafasi aliihitaji, nakubali, lakini angeweza kuificha nyuma.

Kuna umbo moja ambalo ukuta haulionyeshi. Kila siku saa tatu usiku Patrick alifunga mlango, akawaasa mabinti wasikeshe, akapanda ngazi na njiani akaitia ufunguo saa ndefu ya kusimama. Chini, wao walianza kutembea kuizunguka meza, wakisomeana walichoandika: duara ndani ya mraba. Emily alifariki Desemba 1848, Anne Mei 1849. Mtumishi wao, Martha Brown, alikaa akisikia nyayo za mtu mmoja zikizunguka, zikizunguka.